Kumuaga Baba Mwamba

Bibi Peng alikuwa na sharti moja tu, na alilitoa huku akikata paja la nguruwe lililoning'inia juu ya moto tangu kabla ya mwaka mpya, bila kumtazama mtu usoni.

"Wachukueni watoto, sijakataa. Nyonga hii hainiruhusu tena kukimbizana nao. Lakini Yanmei hatoki katika nyumba hii kabla hajapelekwa mlimani kumuaga Baba Mwamba. Na aliyemzaa ndiye atakayeomba ruhusa, kwa mdomo wake mwenyewe."

"Mama, keshokutwa tuna treni," mwanawe Maolin alisema. "Mizigo haijafungwa. Watu bado wanafanya mambo hayo?"

"Watu gani? Wa Dongguan, huko kusini kwenye viwanda vyenu? Siwajui. Uliponiachia mtoto anatetemeka kwa homa sikuona mtu wa Dongguan akija kunisaidia. Nilimbeba mgongoni mpaka juu, nikampa Baba Mwamba, akapona. Au hakupona?"

Maolin alitaka kujibu. Mkewe Suzhi, aliyekuwa akikunja nguo za watoto na kuzishindilia kwenye mfuko, alimpa ishara ya macho akubali yaishe.

Huku kwetu mtoto anayezaliwa dhaifu hutafutiwa baba wa pili, na baba huyo huwa mwamba. Mwamba hauugui, haufi, hausafiri kwenda kutafuta kazi. Mtoto huupelekea mwamba wake chakula kila mwaka mpya, huusimulia habari zake, na siku akihama huenda kuuaga na kuuomba umwachilie. Wasomi wa mjini hucheka wakisikia haya. Wacheke. Yanmei alikuwa na miaka minne, mashavu mekundu, na hakuwahi kulala hospitali hata usiku mmoja.

Walipokaa mezani, mtoto huyo huyo alimvuta bibi yake mkono. "Bibi, ami anataka chumvi."

Kaka yake Zhihang, mwenye miaka minane, alimpiga teke chini ya meza. "Siyo ami. Ni Baba."

"Baba yuko mlimani," Yanmei alisema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mjinga.

Suzhi alicheka ili wengine wacheke, lakini hakuna aliyemfuata. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuitwa Mama tangu siku ya tatu ya likizo yao ya mwaka mpya, kwa msaada wa peremende. Maolin alikuwa amejaribu peremende, mwanasesere anayeimba, na koti jipya jekundu. Vyote vilipokelewa kwa mikono miwili na neno "asante, ami". Huko Dongguan alikuwa amekwisha kupanga chumba chenye dirisha, amenunua kitanda kidogo, amebembeleza nafasi kwenye shule ya chekechea. Kilichobaki ni mtoto mwenyewe kukubali kwamba ana baba.

Maolin akachukua chumvi, akala.

*

Asubuhi Bibi Peng alipanga kila kitu kwenye kikapu: kipande cha nyama kilichochemshwa na ngozi yake, chupa ndogo ya pombe ya mahindi na kikombe chake, karatasi nyekundu, vijiti vitatu vya udi.

"Piteni njia ya nyuma, kwenye mashamba ya chai," alisema. "Ndiko ninakopita mimi. Ni mwendo mfupi, hata kuku angefika."

Lakini Maolin hakutaka njia ya nyuma. Serikali ya wilaya ilikuwa imejenga ngazi za mawe upande wa mbele wa Mlima wa Jogoo, ikaweka lango na vibanda vya kupumzikia, na siku za sikukuu watu wa mjini walikuja na watoto wao, wamevaa viatu vya michezo, kupanda hadi juu na kupiga picha. Alitaka wanawe nao wapande hivyo, kwa makoti mapya, mbele ya watu. Miaka yote alikuwa akiwaona watoto wa wenzake kwenye simu tu.

Langoni alikaa mlinzi mnene aliyevaa kofia ya masikio.

"Tiketi."

"Mimi ni mtu wa hapa. Wa kijiji cha chini. Wenyeji si tunapita bure?"

Mlinzi alimwangalia viatu, kisha akamwangalia uso. "Wenyeji nawajua. Wewe hata lafudhi yako ni ya kusini. Lipa, bwana, watu wanangoja."

Nyuma yao mwanamke wa mjini mwenye kofia nyeupe alikohoa. "Kaka, tafadhali. Watoto wanapata baridi."

Maolin akalipa. Angeweza kutoa kitambulisho, lakini kilikuwa ndani kabisa ya koti, na alishaona aibu. Alipodhani yamekwisha, mlinzi alifunua kikapu.

"Hii nini? Udi? Una kiberiti?"

"Ninacho."

"Lete. Msitu umekauka, moto hauruhusiwi huko juu. Utakichukua ukishuka."

Hapo ndipo angegeuka. Njia ya nyuma ilikuwa karibu, ng'ambo ya mto tu, na huko hakukuwa na lango wala mlinzi. Lakini tiketi alikuwa nazo mkononi na mwanamke wa kofia nyeupe alikuwa anamtazama. Akatoa kiberiti, akawashika watoto mikono, akapanda.

*

Ngazi zilikuwa pana na baridi. Yanmei alizipanda mbio, akisimama kila mara kuwangoja. Maolin, ambaye kwa miaka kumi alikuwa amesimama mbele ya mashine moja ya kubana soli za viatu, alihisi magoti yakimgomea.

"Ami amechoka," Yanmei alitangaza.

"Baba amechoka," Zhihang alisahihisha.

"Sijachoka," Maolin alisema huku akihema. "Nawangoja nyinyi. Yanmei, njoo nikubebe."

Mtoto alifikiri kidogo, akapanda mgongoni. Alikuwa mzito kuliko Maolin alivyodhani. Akaweka kidevu begani mwake, na pumzi yake ikawa inampiga shingoni, ya moto. Maolin akapunguza mwendo makusudi. Hakukuwa na saa nyingine katika sikukuu nzima aliyoifurahia kama hiyo, na baadaye aliikumbuka sana.

"Dongguan kuna milima?" Yanmei aliuliza.

"Ipo, midogo. Kuna na bustani ina bembea. Chumba chetu kina dirisha, ukichungulia unaiona."

"Baba Mwamba atakuja?"

"Mwamba hautembei, mwanangu."

"Sasa nani atampa nyama?"

"Bibi."

"Bibi mguu unamuuma."

Maolin akampandisha vizuri mgongoni. Zhihang, aliyekuwa amebeba kikapu, alisema, "Mimi nitampa nikirudi likizo," na dada yake akaridhika.

*

Mwamba wenyewe ulikuwa chini kidogo ya kilele, mkubwa kama nyumba, umejaa vipande vya karatasi nyekundu vilivyofifia kwa mvua. Yanmei aliteleza kutoka mgongoni, akakimbia, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Baba! Nimekuja!"

Alilitamka neno hilo kwa sauti kubwa na kwa furaha. Ni aibu mtu mzima kulionea jiwe wivu, lakini Maolin aliona wivu. Aliweka nyama, akamimina pombe kidogo kwenye kikombe, akabandika karatasi mpya.

"Haya, inama mara tatu, twende."

"Washa udi," Yanmei alisema.

"Hakuna moto. Viweke tu vijiti hapo."

"Bila udi hasikii."

"Atasikia."

"Hasikii. Bibi anawasha, anangoja moshi, halafu ndiyo anasema."

Maolin akashika kiuno. "Mzee Mwamba, asante kwa kumlea mtoto. Sasa tunamchukua, tunaomba ruhusa. Haya. Nimeshasema, amesikia, amekubali."

"Hajasikia," Yanmei alisema, na machozi yakaanza kumlenga. "Mimi siondoki hajasikia."

Maolin alimvuta mkono. Mtoto akajibandika kwenye mwamba. Wakati huo huo wale watu wa mjini walikuwa wamefika, na mwanamke wa kofia nyeupe akasimama.

"Jamani, mtoto analilia jiwe! Masikini." Kisha akawageukia wanawe, akawaeleza kwa sauti ya kufundisha: "Hizi ni imani za watu wa vijijini." Mumewe alikuwa tayari ameinua simu, anawapiga picha.

Uso wa Maolin uliwaka. Safari yote alikuwa ametaka aonekane baba, na sasa alikuwa anaonekana mshamba anayegombana na mwanawe juu ya jiwe. Akamwachia Yanmei mkono.

"Basi baki na baba yako!" alipiga kelele. "Si ndiye unayemtaka? Baki naye! Zhihang, twende zetu."

Akamshika mvulana, akaondoka bila kugeuka nyuma.

*

Hakwenda mbali. Njia ilipokata kona, nyuma ya misonobari, alisimama akajificha. Kila mzazi amewahi kufanya hivyo sokoni au stesheni: unajidai unaondoka, mtoto anaona kiama, anakukimbilia. Maolin alitaka akimbiliwe. Alitaka aitwe mara moja tu, kwa jina lake.

"Baba, turudi," Zhihang alisema.

"Ngoja. Ataita."

Watu wa mjini walipita, wakateremka kwenye kibanda kula chakula chao. Ukungu ulianza kushuka, kwanza kwenye vilele vya miti, kisha njiani, mpaka hata mtu akipita karibu asingeonekana.

"Haiti," Zhihang alisema.

"Subiri, nimekwambia."

"Baba, haiti. Yeye haiti watu wakiondoka."

Ndipo Maolin alipotoka mbio. Nyama ilikuwa pale pale, na kikombe cha pombe. Yanmei hakuwepo. Alizunguka mwamba mara moja, akazunguka tena upande mwingine, kana kwamba mtoto angekuwa anacheza. Upande wa nyuma, hatua chache tu kutoka pale, mlima ulikatika, na chini hakukuonekana kitu ila ukungu.

"Yanmei! Yanmei, mwanangu!"

Zhihang aliangua kilio. Maolin alilala kifudifudi ukingoni, akaita mpaka sauti ikakauka, akisikiliza chini kule kama kuna kinachojibu. Kisha akashuka ngazi akikimbia, Zhihang nyuma yake, akateleza, akachubuka viganja, akainuka. Alikuwa anaongea peke yake. Alikuwa anauahidi mwamba kila kitu alicho nacho, yeye aliyeufanyia haraka muda mfupi uliopita. Kwenye kona ya tatu ya ngazi mzee anayeuza mayai ya kuchemsha alimzuia kwa fimbo.

"Koti jekundu? Ameteremka na mama mmoja wa kofia nyeupe. Wako langoni. Pole pole, mdogo wangu, utavunja shingo."

*

Yanmei alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, ndani ya kibanda cha lango, anakunywa maji ya moto, na mkono mwingine umeshika vijiti vitatu vya udi. Watu walikuwa wamejaa mlangoni.

"Alitufuata kibandani peke yake," mwanamke wa kofia nyeupe alikuwa anasema, "anatuomba moto. Moto! Mtoto kama huyu. Nikamwuliza uko na nani, anasema yuko na baba yake. Nimeangalia huku na huku, hakuna mtu."

"Yanmei!" Maolin alimkimbilia, lakini mlinzi akajaza mlango.

"Taratibu. Binti, unamjua huyu?"

"Namjua," Yanmei alisema. "Ni ami."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Juu."

Watu walitazamana. Mlinzi aliomba kitambulisho, na safari hii kilitoka. "Sawa, wewe ni wa kijiji cha chini. Lakini wezi wa watoto nao wana vitambulisho. Una picha naye?"

Maolin alifungua simu kwa vidole vilivyojaa damu. Alizisogeza picha moja baada ya nyingine. Mtoto amegeuza mgongo. Mtoto amefunika uso. Mtoto nyuma ya sketi ya bibi yake. Hakukuwa na picha hata moja ambayo wanatazama upande mmoja.

"Ni baba yetu," Zhihang alisema kutoka nyuma, bado ana kwikwi. "Kweli. Huja kila mwaka mpya." Na kwa kuwa alikuwa mtoto mkweli, akaongeza, "Mwaka juzi hakuja."

Hakuna aliyecheka. Hata mwanamke wa kofia nyeupe aliinamisha macho, akaanza kuwafunga wanawe skafu. Maolin angeona nafuu kama mwanamke huyo angemtukana.

"Piga simu nyumbani," mlinzi alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Aje mtu anayejulikana."

*

Bibi Peng aliletwa kwa pikipiki ya jirani, Suzhi nyuma yake amemshikilia asianguke. Mlinzi alimwamkia kwa jina. Yanmei aliruka kutoka kitini, akajificha kwenye aproni ya bibi yake, na bibi akamgusa kichwa, mabega, miguu, mpaka akahakikisha yuko mzima. Kisha akaona udi.

"Hamkuwasha?"

"Walichukua kiberiti," Maolin alisema.

"Si ungeshuka, mkapanda tena kwa njia ya nyuma. Mngefika hata kesho. Mlikuwa na haraka gani?"

Maolin alitazama sakafu.

"Ami kasema nibaki na Baba," Yanmei alieleza.

"Alisema wapi?"

"Pale. Mbele yake."

Bibi Peng alikaa kwenye kiti alichokiacha mtoto. Akasugua nyonga. "Ulisema maneno hayo mbele ya mwamba, Maolin?"

"Mama, nilikuwa namtisha tu. Kila mzazi anatisha."

"Mimi nilimkabidhi nikiwa nalia, kwa sababu anakufa. Wewe umemkabidhi mara ya pili akiwa mzima, kwa hasira. Siku ile ile uliyotumwa kumwomba. Mwaka huu Baba Mwamba haombwi tena."

"Ni jiwe, Mama! Ni jiwe!"

"Kwako. Muulize mwenyewe."

Maolin alipiga magoti mbele ya watu wote. "Yanmei, nilikuwa natania. Twende wote Dongguan. Wewe, Mama, kaka. Kuna bembea, umesahau?"

Yanmei alimwangalia bila chuki. Alikuwa mtoto mtiifu, alilelewa kusikia la mkubwa. "Nimeambiwa nibaki," alisema.

*

Wangeweza kumbeba kwa nguvu. Bibi Peng alisema hivyo mwenyewe: mtoto ni wenu, mimi nani hata niwazuie. Maolin alilifikiria jambo hilo jioni nzima. Akilini alimwona Yanmei akilia kwenye treni, na hilo angelivumilia. Kisha alimwona amenyamaza, amekaa kwenye kitanda kile kidogo, anawaita watu ami, na hilo hakuliweza.

"Mimi nabaki," Suzhi alisema hatimaye, akaanza kutoa nguo mfukoni. "Mama hawezi peke yake. Na Zhihang akienda, akitoka shule atakaa na nani?"

"Na kazi yako?"

"Itapata mtu mwingine. Wewe nenda." Alikunja koti la bluu, akalikunjua, akalikunja tena. "Ulikuwa umebakiza neno moja tu kulisema vizuri, Maolin. Moja."

Hakulirudia tena, lakini Maolin alijua atalisikia kila zamu, mbele ya mashine.

Miaka yote walikuwa wakiondoka alfajiri, watoto wamelala, ili pasiwe na vilio. Bibi Peng ndiye aliyewafundisha, na wao wakaona ni huruma. Safari hii Maolin aliapa hataondoka kama mwizi. Kulipoanza kupambazuka aliingia chumbani na mzigo wake begani. Zhihang alikuwa anakoroma. Yanmei alikuwa amegeukia ukuta, macho ameyafumba kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka.

"Yanmei. Baba anaondoka."

Mtoto akazidi kujikunja.

"Najua uko macho, mwanangu. Nimekuja tuagane."

"Nimelala," Yanmei alinong'ona, bila kufumbua macho. "Siamki mpaka ufike barabarani."

Nje Suzhi aliita kwamba gari limefika.  Maolin akamfunika mtoto blanketi mpaka mabegani, akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka kwa kunyata kama miaka yote.